Safari ya Besi wa Bwawa la Gofu

Vijana wa mabwawa,

Mmeniaga vizuri. Soda zilikuwa baridi, hotuba zilikuwa fupi kuliko nilivyoogopa, na ile saa ya ukutani mliyonipa inafanya kazi, ingawa mke wangu anasema inahema kama mgonjwa wa pumu. Baadhi yenu mlitaka niandike jinsi nilivyopanda vyeo. Hilo siandiki. Vyeo viko kwenye faili ofisini, anayevitaka akavisome huko. Mimi nitaandika jinsi nilivyojifunza kumshika samaki bila kumuua, kwa sababu wengi wenu bado hamjui, na nimewaona kwa macho yangu mkiwashika kama mnavua viatu.

Kazi ya samaki sikuianzia mtoni wala ziwani. Niliianzia kwenye uwanja wa gofu, huko Iringa, miaka ya hamsini, wakati wanachama wa kilabu walikuwa Wazungu watupu na sisi tuliingia kwa mlango wa nyuma tukiwa tumebeba kitu. Uwanja ule ulikuwa na mabwawa mawili. La juu lilichimbwa ili yapatikane maji ya kumwagilia majani wakati wa kiangazi. La chini, kwa maoni yangu, lilichimbwa ili limeze mipira. Ndani ya yote mawili waliishi besi.

Besi si samaki wa kwetu. Waliletwa kutoka mbali wakawekwa kwenye mabwawa ya nyanda za juu kwa sababu baridi yetu inawafaa, na kwa sababu Mzungu akimaliza kupiga mpira hujiona bado hajachoka. Mgongo wake ni wa kijani kilichofifia, tumbo jeupe, na mdomo mpana kupita kichwa chenyewe. Perege ukimvuta anakuja. Besi ukimvuta anaruka juu ya maji na kutikisa kichwa, anakukatalia mbele ya watu. Jioni wanachama walikaa ukingoni na fimbo zao za kuvulia, wakivuta kiko na kutupa mshipi, na sisi tulisimama nyuma yao na wavu wa mkono tukingoja kuitwa.

Siku ya kwanza nilikuja kutafuta kazi ya kukata majani. Nilielekezwa kwa Fundi Mwakalobo, msimamizi wa mabwawa, nikamkuta amesimama ndani ya maji hadi kiunoni, kofia ya manyoya kichwani kana kwamba yuko barazani. Alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, mrefu, mwenye sauti nzito. Watu aliwagombeza kwa Kiswahili na samaki aliwabembeleza kwa Kinyakyusa, kwa hiyo wote tulitamani kuwa samaki.

"Wewe Mhehe, unaogopa maji?" aliniuliza.

"Siogopi, Fundi."

"Basi we mwongo. Ingia."

Ulikuwa mwezi wa sita. Anayeijua Iringa mwezi wa sita hahitaji maelezo. Nilipoingia nilitoa ukelele ambao nadhani ulifika hadi jiwe la Gangilonga. Fundi hakucheka. Alinipa ncha ya wavu akaniambia nishike na ninyamaze, maana natisha samaki wake. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Mambo aliyonifundisha ni machache, lakini aliyarudia mpaka nikayaota. Usimguse samaki kwa mkono mkavu. Ngozi yake ina ute, ndiyo nguo yake na ndiyo dawa yake, na mkono mkavu unaubandua. Besi mshike mdomo wa chini, kidole gumba ndani, naye atatulia kama mtoto aliyefunikwa blanketi. Ndoana ya kumvua samaki unayemtaka akiwa hai, isugue lile jino la ncha yake linalorudi nyuma kwa tupa mpaka liishe, ili itoke bila kuchana. Maji yapime kwa kiwiko. Kiganja cha mfanyakazi kimeshakuwa gome, hakijui moto wala baridi. Leo mna vipimo vya kioo, navyo ni vizuri, ila nimeona vikivunjika na watu wakasimama wanatazamana.

Jambo jingine alilonionyesha lilinifanya niwapende wale samaki. Wakati wa kutaga, dume la besi husafisha duara la changarawe kwenye maji ya kina kifupi karibu na ukingo. Jike likishataga huenda zake, dume hubaki. Halili, halilali, linazunguka juu ya mayai na kufukuza kila kinachosogea, hata kivuli cha ndege. Fundi alisimika vijiti pale ili mtu asikanyage. Mpira wa gofu ukiangukia ndani ya vijiti, alimwambia mwenyewe kwa adabu kubwa kwamba umezama kabisa. Ulikuwa unaonekana, mweupe kama yai la kuku, hatua chache kutoka kwenye kiatu cha bwana huyo.

Niliwahi kumtania, "Fundi, huyu dume ana roho kama yako."

"Mimi sina roho kama yake," alijibu. "Huyu anakaa na watu wake."

Hapo ndipo nilipopata habari za mama yake. Alikuwa huko milimani Rungwe peke yake, macho yamefunga kidogo kidogo mpaka akabaki anaona kivuli tu. Watoto wengine wote walikuwa wamekufa. Kila Fundi alipokwenda likizo alimkuta na jeraha jipya la moto mkononi, kwa sababu alikuwa akilitafuta jiko kwa kupapasa. Majirani walimsaidia, lakini majirani nao wana mashamba yao. Alimsihi ahamie Iringa. Mama alikataa katakata. Alisema hawezi kulala mahali ambapo mvua hainyeshei migomba. Mbeya angekubali, maana ndugu wanafika kwa mguu na ndizi zinashuka kila siku ya soko. Ila Mbeya, Fundi hakuwa na kazi.

Kisha kilabu ya huko Mbeya nayo ikachimba bwawa kwenye uwanja wake. Katibu wao, Mzungu mwembamba mwenye masikio mekundu, alikuja Iringa kwa mashindano, akawaona besi wakiruka jioni, na moyo wake ukanasa. Aliwataka. Alimtaka na mtu wa kuwatunza. Wenyeji wake walicheka wakamwambia achukue akitaka, ila besi hawawezi kufika Mbeya wazima kwa barabara ile. Basi akamwendea Fundi palepale ukingoni, nami nikiwa nimeshika wavu, akamwambia kwa Kiswahili chake kilichonyooka mno:

"Ukileta samaki hai, kazi ni yako, na nyumba. Wakifa, wewe usishuke garini."

Fundi alivua kofia akasema ndiyo bwana. Katibu alipoondoka, aliivaa tena, akaishusha mpaka kwenye nyusi. Nilijua anapiga hesabu ya mama yake.

Tulijiandaa mwezi wa kumi, kabla ya mvua, maana mvua zikianza barabara haipitiki. Tulivua kwa ndoana zilizosuguliwa, tukawaweka besi kwenye kizimba cha wavu palepale bwawani. Siku moja kabla ya safari hatukuwapa chakula chochote. Andikeni hili mahali: samaki aliyeshiba huchafua maji ya safari yake na kufa ndani yake. Fundi alikopa lori la Mhindi mmoja mwenye duka la nguo, pamoja na dereva wake Saidi, kijana mpole aliyependa gari kuliko alivyopenda kula. Tulipakia mapipa manne yaliyooshwa kwa majivu, tukayazungushia magunia yaliyoloweshwa, na juu tukafunika majani ya mgomba. Maji hatukuyajaza hadi juu. Yakibaki na nafasi, gari likitikisika yanacheza, na yakicheza yanavuta hewa. Kwa hiyo ile barabara mbovu iliyolaaniwa na kila msafiri ilikuwa inatusaidia. Kilichokuwa kinatutisha ni kusimama.

Tuliondoka alfajiri. Ifunda baridi, Sao baridi, Makambako upepo wa kukata masikio. Mimi na Fundi tulikaa nyuma na mapipa, kila mmoja na kata yake, tunachota na kumimina kutoka juu ili maji yapige povu. Besi walikuwa wametulia chini, mapezi yanapepea. Fundi alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo. Aliimba. Vijana, aliimba vibaya sana, na ningetoa chochote leo niisikie tena sauti ile.

Baada ya Makambako barabara inateremka kuelekea nchi ya Wasangu, na joto linapanda kukulaki. Tulipokaribia Igawa jua lilikuwa utosini. Niliingiza kiwiko kwenye pipa nikakitoa haraka. Maji yalikuwa yameanza kuwa ya uvuguvugu, na samaki walikuwa wamepanda juu, midomo wazi. Tumaini letu lilikuwa mto Mbarali pale darajani. Tukafika tukakuta kundi la ng'ombe limejaa ndani yake, maji yamekuwa uji wa matope. Kumimina yale ndani ya pipa ilikuwa sawa na kuwanyonga. Fundi alimpigia Saidi kelele aendelee, aongeze mwendo, tufike milimani kabla hawajalala ubavu.

Hatukwenda mbali. Ng'ambo ya daraja tulikutana na watu wengi wamebeba jeneza, wanavuka barabara kuelekea makaburini. Saidi alipunguza mwendo akageuka kututazama kupitia kidirisha.

"Zima gari," Fundi alisema.

"Fundi, tukisimama hapa wanakufa," nilimwambia.

"Na yule aliyebebwa amekwisha kufa. Zima gari, Saidi."

Mnajua desturi yetu. Msiba ukiukuta njiani unashuka, unavua kofia, unawafuata, unatupa udongo. Sikuhitaji kufundishwa na Mnyakyusa. Lakini nilikasirika kwa hasira ya kweli. Marehemu hatukumjua hata jina. Mama yake Fundi nilimjua, ingawa sikuwa nimemwona: nilijua majeraha yake, nilijua jiko lake. Nilitaka kumwambia, mwokoe wa kwako kwanza ndipo uwazike wa watu. Ashukuriwe Mungu sikulisema.

"Wewe baki na samaki," aliniambia akiruka chini. "Mimina, usipumzike. Mimi na Saidi tunakwenda kuzika."

Wakaenda. Nilichota na kumimina, nikahamia pipa la pili, la tatu, la nne, nikarudi la kwanza. Mabega yaliwaka moto. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba magunia yalianza kukauka yakiwa yamezunguka maji. Besi mdogo mmoja aligeuka, tumbo likaonekana. Nikamgeuza kwa kidole. Akageuka tena. Nilianza kulia, na sisemi hivi ili mnionee huruma. Nilikuwa naona nyumba ya Mbeya inakufa mkononi mwangu.

Nikasikia sauti ya mwanamke ikinisalimu kutoka chini, kando ya lori.

"Kamwene."

"Kamwene, mama."

"We mwana, unachezea maji na sisi tuna msiba?"

Alikuwa mama mtu mzima, kitenge amejifunga kiunoni, nyuma yake wanawake wengine waliobaki nyumbani kupika. Nyumba ya msiba ilikuwa palepale kando ya barabara, nami kwa kuhangaika sikuwa nimeiona.

"Sichezei, mama. Samaki wanakufa. Joto limewazidi."

Akapanda tairi akachungulia ndani ya pipa. Midomo yote ile ilikuwa wazi ikimtazama.

"Maskini," alisema. "Hii si inatafuta pumzi? Mnapeleka kuuza?"

"Hapana, mama. Wanakwenda kuishi Mbeya."

"Kuishi!" Aliwageukia wenzake akawaambia kwa Kisangu, nao, msibani palepale, wakaziba midomo wasicheke. Nami kwa kukata tamaa nikamweleza yote, bila mpangilio: bwawa la Wazungu, Fundi, mama yake asiyeona, moto, katibu mwenye masikio mekundu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno moja kwa wenzake, na wale wanawake wakaenda langoni, ambako kulikuwa na mitungi mikubwa imepangwa kivulini. Yalikuwa maji waliyoyateka alfajiri upande wa juu wa mto, kabla ya ng'ombe, yamepoa ndani ya udongo.

"Mama, hayo si ya watu kunawa wakitoka makaburini?"

"Watangoja. Udongo wa mikononi hauui mtu."

Tulimimina kidogo kidogo. Msije mkamwaga maji ya baridi kwa mkupuo juu ya samaki aliyepata joto, mtamuua kwa wema. Kata moja, unangoja, kata nyingine, unatoa ya zamani. Walikuwa wanawake wenye subira kuliko wanafunzi wote niliopata kufundisha. Mtungi wa mwisho ulipokwisha, besi walikuwa wamerudi chini ndani ya mapipa, isipokuwa wachache waliokuwa wamekwisha kufa.

Ndipo watu wakarudi kutoka makaburini, na maji ya kunawa hayapo. Walisimama langoni, wanaume wazima, mikono imewekwa mbele, udongo mwekundu hadi vifundoni, wakati wasichana wanakimbilia mtoni upya. Fundi alikuwa katikati yao, mikono yake michafu kama yao. Alitazama mitungi mitupu, akatazama lori linalochuruzika, akaelewa. Alimwendea mwenye msiba, mtu wa makamo kama yeye, akaanza kuomba radhi. Yule mama akadakia akamweleza mwenye msiba kwa Kisangu. Mtu yule alimsikiliza, akamgeukia Fundi.

"Mimi yangu nimezika saa hizi," alisema. "Mama yangu. Wewe nenda kwa yako."

 Fundi alipanda gari bila kunawa.

Tuliendelea kumimina hadi Mbeya. Chimala, Igurusi, kisha ukaanza mwinuko, na kila kona hewa ikawa baridi zaidi. Uyole nilipima kwa kiwiko nikatabasamu. Tulifika uwanjani jua likizama, katibu amesimama ukingoni na wenzake, wamevaa makoti. Fundi hakumngoja aseme kitu. Aliingia bwawani na nguo zake, tukamteremshia samaki mmoja mmoja, mikono imeloweshwa. Wengi walipiga mkia mara moja wakapotea. Mmoja mkubwa, jike, alilala ubavu. Fundi alimshika mdomo wa chini akaanza kumtembeza majini, mbele, nyuma, mbele, polepole, akimsemesha kwa Kinyakyusa. Wazungu walisogea kutazama. Hata Saidi aliacha kufuta kioo cha gari lake. Nilidhani samaki amekwisha kufa, kisha nikaona mfuniko wa shavu lake unafunguka, ukafunga, ukafunguka tena. Alimng'ata Fundi kidole akaenda zake.

Asubuhi tulizunguka bwawa lote pamoja na katibu. Hapakuwa na aliyeelea.

"Wewe shuka garini," katibu alisema, na nadhani ulikuwa mzaha wake pekee wa mwaka ule.

Nilifurahi, nilimshika Fundi mkono, nikamtania kwamba sasa atanenepa kwa ndizi. Ni wakati Saidi alipowasha lori ndipo nilipoelewa kwamba narudi peke yangu. Tulikuwa tumehangaika kutwa nzima kuokoa safari ile na sikuwahi kufikiria itanigharimu nini mimi. Fundi alikuja akasimama kando ya lori, akavua kofia yake ya manyoya akanipa. Nikaivaa. Mapipa matupu yalipiga kelele njia nzima hadi Iringa, nami nikayaacha yapige.

Nilirudi Mbeya mwaka uliofuata, kupeleka nyavu. Mama yake alikuwa amehamia kwenye nyumba ya kilabu, kizee mdogo, mkono mmoja umejaa makovu ya zamani na hakuna jipya. Aliposikia ni mimi, alisema apelekwe bwawani. Tulimshika huku na huku tukashuka naye polepole. Fundi alikamata panzi akamtupa majini, na besi akampiga kwa kishindo. Mama alishtuka, kisha akacheka, akainama kuelekea ule mlio.

"Ndaga fijo," aliyaambia maji. Asante sana.

Kisha akanigeukia mimi, akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, na kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akasema:

"Na wewe mwanangu, pole. Mimi nachukua mtu yako."

Tangu siku ile ya mapipa matupu hakuna aliyekuwa ameniambia pole. Nikamwambia hapana mama, ni mtu wako, mimi nilimwazima tu. Fundi alikuwa amegeukia upande wa mlima, anatafuta panzi mwingine mahali pasipo na majani.